Asubuhi iliyopotea Makorora

Jumatatu ya Juni 29, 2020, shule zilipofunguliwa baada ya miezi mitatu na ushei, mpwa wangu wa kidato cha tatu, mkazi wa Makorora hapa Tanga, hakwenda. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amegoma. Hakuamka tu. Dada yangu aliingia chumbani mara tatu: mara ya kwanza saa kumi na moja na nusu, kwa upole, mara ya pili na kikombe cha maji, mara ya tatu na mwiko. Kijana akakaa kitako, akavaa shati jeupe, akafunga vifungo viwili, akalala tena na shati lake mwilini. Nilipopita kuwasalimu saa nne, dada alinipokea barazani na maneno ambayo mhariri hatayapitisha, kisha akaniambia, "Ingia ukamtazame mpwao. Huyu amelogwa."

Nilimtazama. Alikuwa amelala usingizi wa alfajiri, ule mzito wa mtu asiyejua kama kumekucha. Saa nne asubuhi ya Tanga ni saa kumi na mbili alfajiri ya Cape Verde, visiwa vilivyo baharini kule magharibi ya Senegal, na kwa hesabu zangu ndiko mwili wa kijana ulikokuwa umehamia. Miezi mitatu alisafiri kidogo kidogo kuelekea machweo, bila kutoka Makorora.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikia maelezo yale yale: korona iliwaharibia vijana usingizi, na walioharibu ni simu na hofu. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaruka sehemu ya kwanza ya hadithi, nayo ndiyo inayotuuma sisi watu wazima. Wiki zile za mwanzo vijana walilala vizuri kuliko walivyowahi kulala tangu waanze sekondari. Kilichokuja kupotea baadaye ni asubuhi. Wingi wa usingizi na mahali pake katika siku ni vitu viwili, na tumezoea kuvitia chungu kimoja.

Tukumbushane jinsi mambo yalivyokwenda kwetu, kwa sababu hatukuwa Italia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Mpira ukasimama, kwa hiyo uwanjani Mkwakwani pakawa kimya. Muziki na mikutano vikazuiwa. Lakini soko liliendelea, misikiti na makanisa yaliendelea, daladala ziliendelea kwa masharti ya abiria kukaa kwenye siti tu, bila kusimama. Nje ya kila duka la Ngamiani paliwekwa ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, na mafundi cherehani wakageuza vitenge kuwa barakoa. Hakuna aliyetufungia ndani. Baba alikwenda kazini, mama alikwenda sokoni, bibi alikaa barazani kama kawaida. Aliyebaki hana pa kwenda ni mwanafunzi.

Ndiyo maana nasema Tanga ina kitu cha kuufundisha ulimwengu kuhusu jambo hili. Huko Milan kila kitu kilisimama kwa pamoja: kazi, shule, matembezi, hata mazishi. Kijana wa kule akikosa usingizi utajuaje kisa ni kipi? Kwetu kengele iliyozimwa ni moja, ya shule. Na ilipozimwa hiyo moja, usiku wa vijana ukageuka.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro ndugu zetu walikuwa na yao. Kenya iliweka marufuku ya kutoka nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, tangu Machi 27, na Aprili 8 wakafunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Binamu yangu wa Likoni alikuwa na watoto wawili wa rika la huyu mpwa wangu. Tukipigiana simu tulikuta tunalalamika wimbo mmoja: hawalali, hawaamki. Yeye alimlaumu polisi na kafyu. Mimi sikuwa na kafyu ya kulaumu, na watoto wangu walikuwa vile vile. Kilichokuwa sawa pande zote mbili za mpaka ni mlango wa darasa uliofungwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya Machi, tuone usingizi wa mwanafunzi ulivyokuwa wakati tulipodhani uko salama.

Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake inasogea mbele. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa, kwa baadhi yao hata saa mbili nzima kuliko walipokuwa wadogo. Huu si ukaidi. Mtafiti wa Kimarekani Mary Carskadon ametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba kijana wa miaka kumi na sita ukimlaza saa tatu usiku, atatazama dari. Na bado anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku, kama wanavyoshauri madaktari wa usingizi kwa wenye miaka 13 hadi 18. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa Makorora analala saa tano usiku, na mama anamwamsha saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu awe ameshika fagio kwenye namba yake ya usafi, kile kipande cha uwanja alichopangiwa kufagia, la sivyo anapokelewa getini na fimbo. Hizo ni saa 6. Kila siku anakopa saa 2 au zaidi, Jumamosi analipa kidogo, Jumatatu anaanza kukopa tena. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kukucha. Walikuwa na deni la fedha mawazoni, ila sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko kwenye kitanda cha mwanafunzi.

Basi shule zikafungwa, na mdeni akasamehewa. Wiki ile ya kwanza na ya pili mtaa mzima wa vijana ulilala kama uliomwagiwa dawa. Akina mama wakasema wavivu. Mimi pia nilisema. Leo naona walikuwa wanalipa.

Nje ya nchi kuna waliopima. Katika jimbo la Zürich, Uswisi, watafiti walilinganisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa, na wenzao waliohojiwa mwaka 2017. Waliosoma wakiwa nyumbani walilala dakika 75 zaidi kwa siku ya masomo. Zaidi ya saa nzima! Na walijieleza kuwa na afya njema kuliko wale wa 2017, wakanywa kahawa kidogo na pombe kidogo. Watafiti hao hao hawakuficha kwamba waliokuwa na huzuni na msongo mali hiyo iliwayeyukia. Huko Marekani, wanafunzi 139 wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliofuatiliwa kabla na baada ya chuo kufungwa waliongeza kama nusu saa ya usingizi kila siku ya wiki. Lakini saa yao ya kulala nayo ilichelewa, kwa dakika kama 50. Shika hiyo nusu ya pili ya sentensi, maana ndipo mpwa wangu alipopotelea.

Saa ya mwili wa binadamu haina urefu wa saa 24 kamili. Kwa wengi wetu inazidi kidogo, dakika kumi na kitu. Ukiiacha ijiendee, kila siku itachelewa. Kinachoirudisha kwenye mstari ni jua la asubuhi kuingia machoni, na baada ya jua, mambo ya watu: kula kwa wakati, kutembea, kuitwa jina, kugombana na kondakta. Sisi wa pwani hii tumejaliwa. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, halina masika wala kiangazi. Wa Ulaya wananunua taa za kuigiza kile ambacho huku kinamwagika bure juu ya mabati. Ila jua hilo halina miguu ya kuingia chumbani na kumfuata kijana nyuma ya pazia zito la dirishani. Zamani shule ndiyo iliyomtoa nje akutane nalo. Katika safari ya kwenda kufagia ile namba ya saa kumi na mbili na nusu, niliyoisema kwa ubaya hapo juu, kulikuwa na dawa pia. Tulimnyima mtoto saa za kulala, na wakati huo huo tukampeleka kwenye jua. Korona ikamrudishia la kwanza na kumnyang'anya la pili.

Hapo ndipo simu inapoingia, na hapa nataka kutofautiana kidogo na wahubiri wa mwanga wa bluu. Mwanga wa kioo cha simu unachelewesha melatonini, ni kweli, lakini si kwa kiasi cha kumhamisha mtu hadi Cape Verde. Ukitaka kujua nini kiliwaweka macho vijana wa Tanga hadi saa kumi usiku, waulize bei ya bando. Kampuni za simu zinauza intaneti ya usiku kwa bei ya kutupa: bando linaanza saa sita, linakufa alfajiri, na kwa pesa ambayo mchana ingekupa dakika chache za video, usiku unapata filamu nzima na nyimbo za kuhifadhi. Mwenye pesa anatazama jioni, analala. Asiye na pesa anangoja saa sita. Mpwa wangu alikuwa anakusanya mia mia za mama yake za kununulia mkaa. Alinieleza mwenyewe, bila aibu, kwamba wao walikuwa na kundi la WhatsApp la darasa ambalo mchana lilikuwa kaburi, likifika saa sita na dakika moja linafufuka, na humo humo ndimo walimopeana maswali ya hesabu. Nikaanza kumsema nikanyamaza. Serikali ilipeleka masomo kwenye redio na televisheni mchana. Wenzake aliokuwa anasoma nao walikuwa wanapatikana usiku tu.

Kisha ukaingia mwezi mtukufu, mwishoni mwa Aprili. Sidhani kama watafiti wa Colorado walilifikiria hili. Ramadhani za kawaida mwanafunzi wa Tanga anaamka daku saa kumi, anaswali alfajiri, anajikongoja kwenda shule na macho mekundu. Ni tabu, lakini asubuhi bado ipo. Mwaka ule hakukuwa na shule. Kwa hiyo vijana walifanya kilicho rahisi: wakaunganisha. Baada ya tarawehe wakakaa maskani, saa sita wakaingia kwenye bando, saa kumi wakala daku, wakaswali, wakalala kukiwa kunapambazuka, wakaamka adhuhuri au baada yake. Mchana wa mfungo ukawa mfupi, na sisemi hakuna mzee aliyeona ni nafuu mtoto alale kuliko azunguke na kiu. Wengi wetu tuliwaacha. Kwa mwezi mzima mwili ukafundishwa kwamba chakula kikubwa kinakuja usiku wa manane na kwamba alfajiri ni wakati wa kujifunika. Idi ikaja Mei 24. Pilau likaliwa, nguo mpya zikavaliwa kwa wachache waliozipata, futari ikakoma, lakini ratiba ile haikukoma, kwa kuwa hapakuwa na kitu kesho yake cha kuikomesha. Kutoka Idi hadi Juni 29 ni wiki tano. Nadhani vijana wengi wa pwani walipotelea ndani ya wiki hizo tano.

Kuna kahawa pia. Jioni, muuza kahawa chungu anapita na dele lake na kashata, na maskani hakuna kijana anayekataa kikombe. Ndani ya ubongo kuna kitu kinaitwa adenosini ambacho hurundikana kadiri unavyokuwa macho, na ndicho kinachokufanya uone kope nzito. Kafeini inakwenda kukalia kiti chake. Nusu ya kafeini ya vikombe vya saa mbili usiku bado imo mwilini saa saba au saa nane. Ongezea na usingizi wa mchana, maana kailula ya wazee wetu ilikuwa ya nusu saa baada ya adhuhuri, nao hawa waliifanya ya muda wa saa nne nzima. Usiku ukiingia, mzigo wa adenosini umeshapunguzwa. Utalala na nini?

Nimesema vijana, lakini nilichokuwa naeleza ni wavulana. Wasichana walipata korona nyingine.

Nyuma ya nyumba ya dada kuna familia inayopika vitumbua. Binti yao alikuwa kidato cha pili. Shule ilipofungwa hakuna aliyemwambia alale hadi adhuhuri. Saa kumi na moja alikuwa mbele ya jiko, mvua ya masika ikipiga bati, akigeuza vitumbua kwa kijiti. Baada ya hapo vyombo, maji, wadogo zake wawili, chakula cha mchana, cha jioni. Muda wake mwenyewe ulianza pale nyumba nzima ilipokwisha lala, saa tano hivi, na aliutumia hadi saa saba kwa sababu ndio pekee aliokuwa nao. Huyu hakuhama. Saa ya mwili wake ilibaki Tanga, imefungwa kwenye jiko. Juni 29 aliamka bila kuitwa na akatangulia getini. Ila alikuwa na saa nne au tano za usingizi kila siku kwa miezi mitatu, na mwalimu wake alikuja kumlalamikia mama yake kwamba kuanzia kipindi cha pili binti anasinzia na kalamu mkononi. Kaka zake mtaani walipata madhara ya saa iliyokwenda kombo. Yeye alipata madhara ya deni lililoongezwa juu ya deni. Watu wakisema "usingizi wa vijana wakati wa korona" kana kwamba ni kitu kimoja, namkumbuka huyu.

Na wale waliorudishwa kutoka vyuoni, wenye miaka ishirini na kitu, walikuta vyumba vyao vimeshapangishwa au vimekaliwa na wadogo zao. Mtu mzima analala sebuleni kwenye mkeka, anangoja televisheni izimwe na wageni waondoke ndipo atandike. Wengine waliingia baharini kutafuta hela. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, kwa hiyo vijana waliokwenda mwalo wa Deep Sea kujiunga na mitumbwi waligeuza usiku na mchana kila baada ya wiki mbili, wakishusha ndoo ufukweni jua la asubuhi likiwapiga usoni wakati ndio wanakwenda kulala. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kusema angalau hao walilipwa.

Hofu je? Ilikuwepo. Aprili 29 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa takwimu za nchi nzima kutangazwa, wagonjwa 480 na vifo 16, na baada ya hapo kimya. Ukimya haulazi mtu. Ukiondoa namba, watu wanatengeneza za kwao, na zilitengenezwa usiku: sauti zisizojulikana zimetoka wapi, picha za mazishi ya giza, kweli na uzushi katika sahani moja. Watu wazima tulizisikia mchana tukiwa wengi, tukabishana, tukacheka, tukaenda zetu kujifukiza nyungu. Kijana alizisikia saa nane usiku akiwa peke yake chini ya chandarua. Kuna binti ninayemfahamu, mama yake ni muuguzi, ambaye kila mama alipoingia zamu ya usiku yeye hakulala mpaka asikie komeo la mlango asubuhi. Ubongo ukishajipangia ulinzi hauachi lindo kwa kuambiwa. Utafiti mmoja wa Italia uliowahoji watu zaidi ya 1,300 wenye miaka 18 hadi 35 ulikuta jambo linaloshabihiana na hili: walikaa kitandani muda mrefu zaidi kuliko kabla ya karantini, na bado wakasema usingizi wenyewe umekuwa mbaya, hasa waliokuwa na wasiwasi na huzuni.

Halafu kulikuwa na jinamizi. Mwezi Mei na Juni nilisikia habari za kukabwa usiku kuliko mwaka wowote: kijana anafungua macho, anaona chumba, anataka kupiga kelele, mwili hausogei, na kuna kitu kimekaa kifuani. Mama mmoja wa mtaa wa pili alimpeleka mwanawe kwa shehe akaandikiwa kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji ya kunywa, akanywa siku saba. Simcheki. Ila kuna maelezo mengine yanayoweza kukaa pamoja na kombe bila ugomvi. Usingizi wa ndoto unajaa zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, na wakati huo ubongo hukata mawasiliano na misuli ili usizitende ndoto zako. Mtu anayelala kwa ratiba iliyovurugika, aliyechoka, au anayelala mchana kweupe huku nje kelele zikimwamsha nusu nusu, ana nafasi kubwa zaidi ya kuzinduka kabla mawasiliano hayajarudi. Anajikuta macho ndani ya mwili uliofungwa, na ndoto haijatoka chumbani. Hata zile ndoto nyingi za ajabu ambazo watu wa nchi mbalimbali walisimuliana mwaka ule zina sehemu ya asili yake hapo: waliolala hadi kukapambazuka sana walipata kipande kirefu cha ndoto walichokuwa wakinyimwa na saa ya kuamkia. Yule kijana wa kombe alipona, kwa taarifa yako. Shehe alimwambia pia aamke kwa swala ya alfajiri na asirudi kulala hadi jua litoke. Mimi nadhani shehe alitibu kwa vitu viwili.

Shule zilipofunguliwa tulifanya nini na watoto hawa? Tulifidia vipindi. Shule nyingi zilirefusha siku, zikaongeza masomo ya jioni na Jumamosi, na waliokuwa na mitihani wakawekwa kambi. Kidato cha sita, walioitwa Juni 1, walikuwa na wiki nne tu kabla ya kuanza mtihani wa taifa siku ile ile ya Juni 29. Naelewa presha hiyo. Lakini mwili uliozoea kulala saa kumi usiku haurudi kwa mwiko wa siku moja. Unarudi polepole, siku baada ya siku, mtu akiutoa nje kwenye jua mapema kila asubuhi. Na kile anachosoma mchana ubongo unakipanga na kukihifadhi usiku akiwa amelala. Tulikuwa tunamimina maji mengi zaidi kwenye mtungi huku tumeutoboa chini. Mwalimu mkuu mmoja, nilipomweleza haya, alinijibu kwamba ofisini kwake hakuna karatasi ya kuripoti usingizi, ipo ya kuripoti mada zilizomalizika. Sikuwa na jibu.

Wenzetu wa Uganda walifunga shule zao, zote au baadhi ya madarasa, hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Sisi wiki kumi na tano tu, na ona. Kwa hiyo ninapofikiria ugonjwa mwingine, na utakuja, Kagera wameshaionja Marburg mwaka 2023 na tena 2025, ninajiuliza maswali madogo kuliko yanayoulizwa Dodoma. Shule ikifungwa, nani atawatoa watoto nje saa moja asubuhi? Kipindi cha redio hakiwezi kurushwa asubuhi na mapema, kikawaagiza watoke barazani wakisikilize? Kampuni zinaweza kulazimishwa bando la wanafunzi liwe la saa mbili asubuhi badala ya saa sita usiku? Hilo la mwisho linaweza kufanywa kwa barua moja, halihitaji chanjo wala wafadhili.

Swali kubwa ni lile tusilotaka kuligusa, la ratiba ya shule yenyewe. Wiki zile mbili za Machi zilituonyesha mtoto akiachwa atalala kiasi gani, na jibu halikufanana hata kidogo na tunachompa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba masomo ya vijana yasianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na jimbo la California likaliweka jambo hilo katika sheria iliyoanza kutumika Julai 2022 kwa shule za sekondari za juu. Najua tutakachosema: kwao kuna mabasi, kwetu kuna jua kali la saa nane na foleni ya daladala, mzazi anatoka saa kumi na mbili, atamwacha mtoto na nani? Hoja hizo ni za kweli, hasa ya mzazi. Ila hakuna hata moja kati yake inayoeleza kwa nini mtoto lazima afagie uwanja saa kumi na mbili na nusu. Usafi unaweza kufanywa mchana. Nusu saa kwa siku, siku tano, ni karibu usiku mzima wa usingizi kila baada ya wiki tatu.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida, na sasa anaendesha bajaji. Ana mkataba na wazazi wa mtaa wao, kuwapeleka watoto shule. Mwaka jana nililala kwa dada nikaamka mapema kwenda stendi, nikamkuta nje anafuta kioo kwa kitambaa, giza bado. Nikamtania kuhusu ile Jumatatu ya shati jeupe.

"Mjomba, siku ile nilimsikia mama akiniita," akasema. "Nilimsikia kabisa. Ila ilikuwa kama ananiitia ng'ambo."

Akawasha bajaji. Kwenye kiti cha nyuma watoto watatu walikuwa wamelaliana, wa katikati bado na kipande cha chapati mkononi, na saa yangu ilisema kumi na moja na dakika arobaini.